Acheni Kumfanya Kezilahabi Yatima

Ipo hadithi moja kuhusu Euphrase Kezilahabi ambayo kila mpenzi wa fasihi ya Kiswahili anaijua, hata yule ambaye hajawahi kufungua kitabu chake. Inasema hivi: palikuwa na kijana wa kisiwani, akaenda Chuo Kikuu, akasoma Wazungu, akarudi na mashairi yasiyo na vina wala mizani. Mwaka 1974 akayachapisha kwa jina la Kichomi, wazee wa ushairi wakaghadhibika, ugomvi ukaanza. Basi, hadithi imekwisha.

Wanaompenda wanaisimulia hivyo wakimaanisha kwamba alikuwa jabali, mtu mmoja aliyesimama dhidi ya wote. Wasiompenda nao wanaisimulia hivyo hivyo, ila wao wanamaanisha kwamba alikuwa mwigaji aliyebeba mzigo wa watu na kuja kuutua kwenye uwanja wetu. Sasa hebu tazama vizuri. Kambi hizi mbili zimevutana karibu miaka hamsini, lakini jambo kubwa zaidi zimekubaliana: kwamba Kezilahabi hakuwa na watu. Hakuwa na kwao, hakuwa na majirani, hakuwa na marika. Eti alikuwa yatima wa fasihi, Ulaya ikamwokota.

Hadithi hiyo ni ya uongo. Na ubaya wake si kwamba inamkosea heshima marehemu, maana yeye amepumzika tangu Januari 2020 na hahitaji wakili. Ubaya wake ni kwamba inawaumiza walio hai, hasa vijana wanaojaribu kuandika huku kwetu Kanda ya Ziwa. Nitafika huko. Kwanza tumrudishe mtu kwao.

Kisiwa kimoja, waandishi watatu

Ninaandika nikiwa Buzuruga, Mwanza, na ninapataja kwa sababu panasaidia hoja. Barabara inayopita hapa ndiyo ya kwenda Musoma. Ukiishika, unaipita Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi, mpaka Bunda. Pale Bunda unakunja kushoto kuelekea Kisorya, unavuka maji kwa kivuko, na ukishuka upande wa pili umeingia Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria. Si mbali. Watu wanakwenda na kurudi na magunia yao ya dagaa kila siku ya Mungu.

Kwenye kisiwa hicho, katika kijiji cha Namagondo, Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944. Hilo wengi wanalijua. Wasichokisema ni kwamba mwaka uliofuata, 1945, kwenye kisiwa hicho hicho, mzee mmoja aliyeitwa Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya nzito kuhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wawili wanaopendana na wanaotafuta mtoto. Aliiandika kwa Kikerewe. Hakupata wa kuichapisha. Akakaa nayo miaka na miaka, kisha uzeeni akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki. Kati ya kuimaliza na kuchapishwa ilipita miaka 35. Yaani mtoto wa Namagondo alizaliwa, akasoma, akatoa riwaya nne na diwani moja, na mswada wa jirani yake ulikuwa bado haujawa kitabu.

Wa tatu ni Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1938. Huyu alianza kwa Kiingereza. Mwaka 1969 alitoa Village in Uhuru, riwaya kuhusu kijiji cha huko huko kisiwani na uhuru uliokikuta. Kisha akageuka. Mwaka 1978 akaja na Uwike Usiwike Kutakucha, hadithi za Kiswahili, na baada ya hapo riwaya zake akaziandika kwa Kiswahili: Miradi Bubu ya Wazalendo, halafu Janga Sugu la Wazawa. Na mwaka 2002 ni yeye Ruhumbika aliyetoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Kitereza, akiitoa moja kwa moja kwenye Kikerewe. Miaka ya 1970 yeye na Kezilahabi walikuwa walimu wa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sasa wapange hao watatu pamoja uone. Swali lao ni moja: mtu mwenye lugha mbili au tatu kinywani, aandike kwa ipi? Kitereza alijibu kwa Kikerewe, kisha akaivusha kazi yake kwa mikono yake mwenyewe mpaka Kiswahili. Ruhumbika aliondoka Kiingereza akahamia Kiswahili, na baadaye akamvusha Kitereza kwenda Kiingereza. Kezilahabi alitoa riwaya, mashairi na tamthilia zake zote kwa Kiswahili, lakini fikra zake za nadharia akaziweka kwa Kiingereza, kwenye tasnifu ya udaktari aliyoimaliza Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Ni majibu matatu ya swali moja, kutoka kisiwa kimoja. Na chini ya majibu yote matatu kuna lugha ileile ya nyumbani, Kikerewe.

Jamani, huo ndio mnaouita upweke?

Sisemi kwamba Kezilahabi alijifunza kuandika miguuni pa Kitereza. Ujirani wa fasihi hauhitaji mtu kuketi darasani kwa jirani yake. Ninachosema ni kwamba wale wote wawili walikunywa kisima kimoja, na atakayetaka kujua maji ya Kezilahabi yana ladha gani aanze na kisima hicho, kabla ya kukimbilia Paris na Berlin. Soma jinsi Kitereza anavyokaa na jambo dogo la nyumbani, mkwe anapokwenda ukweni, namna pombe inavyopikwa, namna ugonjwa unavyoaguliwa, mpaka jambo dogo linakuwa dunia nzima. Kisha fungua Rosa Mistika ya mwaka 1971, ukae na familia ya Zakaria na Regina pale Namagondo. Mmoja anajenga kijiji, mwingine anaonyesha nyufa zake. Kijiji ni kilekile.

Nani aliwaambia shairi ni lazima liwe na vina?

Shitaka la kwanza dhidi ya Kezilahabi ni kwamba mashairi yake yametoka Ulaya. Wanaolitoa shitaka hilo huwa hawana habari na nusu ya nchi hii.

Shairi la vina na mizani, mishororo minne kwa minne, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, ni kazi ya ustadi mkubwa. Imepikwa Pate, Lamu, Mombasa, Pemba, Tanga, kwa karne kadhaa. Atakayeidharau hajui anachokidharau. Lakini ustadi huo una kwao, na kwao si kila mahali panaposemwa Kiswahili leo.

Toka hapa Buzuruga, nenda kilomita chache tu kwenye barabara ile ile ya Musoma, ufike Kisesa, upande Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Nenda mwezi Juni wakati wa Bulabo. Utaona Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma, kila upande na manju wake. Manju anatunga. Anamsema mpinzani, anamsifu ng'ombe, anamkumbuka aliyekufa, anaipiga kijembe serikali ya kijiji. Watu elfu wanamwelewa, wanacheka, wanalia. Sasa tafuta mtu pale anayehesabu mizani kumi na sita. Hamna. Kinachoushika wimbo ni kurudia, ni kupokezana kati ya manju na watu wake, ni pumzi, ni jembe linalorushwa hewani kwenye bugobogobo. Vina vikitokea, vimetokea.

Vuka ziwa kwenda magharibi, upate Wahaya na tendi zao zinazoimbwa kwa nanga. Mugyabuso Mulokozi, mtu wa huko Kagera, aliziandikia tasnifu nzima ya udaktari katika miaka ya 1980. Nazo hazikusubiri ruhusa ya urari wa vina ili ziwe ushairi. Ni ushairi wa mashujaa, wa vifo na ulafi wa wafalme, na umeghaniwa kabla Mzungu wa kwanza hajaliona ziwa hili.

Kwa hiyo mtu aliyekulia Ukerewe, akilala usiku na nyimbo za Kikerewe masikioni, alipokaa kuandika shairi la Kiswahili bila vina, kwa nini kitu cha kwanza tumuulize ni kitabu gani cha Mzungu alichosoma? Mwenyewe katika utangulizi wa Kichomi alieleza kwamba alitaka lugha ya kawaida, lugha ambayo watu wanaisema kila siku. Tukasikia "lugha ya kawaida", tukaandika "Ulaya". Hayo ni masikio gani?

Najua jibu litakalokuja. Mtaniambia: lakini Kezilahabi alisoma seminari ya Nyegezi, alisoma falsafa, na Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya 1991 zimejaa wanafikra wa kizungu. Sawa kabisa. Nani amekataa? Alisoma sana, na alichosoma kinaonekana. Ila niambieni: mwaka 1728, kule Pate, Mwengo wa Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka, kisa cha vita vya Waislamu na mfalme wa Warumi, alikitoa wapi kisa chenyewe? Si katika masimulizi ya Kiarabu? Na mbona hakuna anayemwita Mwengo yatima wa Uarabuni? Tunasema, na ni haki, kwamba alichukua kisa akakifanya cha Kiswahili. Heshima hiyo hiyo anastahili mtu wa Namagondo. Kama mshairi wa pwani akisoma ng'ambo tunamwita msomi, na mshairi wa bara akisoma ng'ambo tunamwita mwigaji, basi tatizo letu si ushairi. Tuliseme kwa jina lake: ni nani tunayeamini ana haki ya Kiswahili.

Marika wa Mlimani

Hadithi ya yatima inavunjika vibaya zaidi ukiangalia Dar es Salaam ya miaka ya mwisho ya 1960 na miaka ya 1970. Chuo Kikuu pale Mlimani kilikuwa kimejaa watu wanaovunja na kujenga. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969 na Mashetani mwaka 1971. Penina Muhando alitoa Hatia mwaka 1972, na baadaye Nguzo Mama, akizirudisha ngoma na hadithi jukwaani wakati wengine walidhani tamthilia ni watu kuketi sebuleni na kujibizana. Mulokozi na mwenzake Kulikoyela Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Soma jina hilo tena: malenga, wa bara. Ni hoja nzima kwa maneno matatu.

Chukua Hussein peke yake. Huyu si mtu wa bara. Ni mtoto wa Kilwa, pwani hasa, Mswahili ambaye hakuna wa kumwekea shaka. Naye aliandika mashairi yasiyofuata vina, na mojawapo, Ngoma na Vailini, linahusu kitu hicho hicho tunachokizungumza: mtu anayevutwa na miziki miwili. Sasa kama shairi huru ni homa ya watu wa bara waliosoma, mtoto wa Kilwa aliipata wapi? Swali hili halijibiwi kwenye madesa. Linarukwa.

Mulokozi na Kahigi nao wanaharibu hesabu. Mwaka 1979 walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakatetea kwamba shairi halifungwi na vina na mizani. Lakini humo humo na kwenye kazi zao nyingine wanaandika mashairi yenye vina pia, na yamenyooka. Hawakuchoma nyumba ya zamani. Waliongeza chumba.

Na Kezilahabi je, huyo anayedaiwa kuwatukana wazee? Mwaka 1976, miaka miwili baada ya Kichomi, alimaliza tasnifu ya shahada ya uzamili. Juu ya nani? Juu ya Shaaban Robert na riwaya zake. Mtu anayemdharau mzee hakai miaka kusoma kila ukurasa wake. Alimsoma, akamkosoa alipoona panafaa kukosolewa, kama mwanafunzi mwenye akili anavyomheshimu mwalimu wake. Hiyo si picha ya mtu aliyekata kamba na nyuma.

Nina mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa na serikali ya Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na yamefuata arudhi barabara. Alipofunguliwa alikuja Dar es Salaam, akafanya kazi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, hapo hapo Mlimani. Mwaka uliofuata Sauti ya Dhiki ndipo Kichomi ikatoka. Piga picha: kilima kimoja, miaka ileile, washairi wawili. Mmoja ameshika vina mpaka jela, mwingine ameviacha. Yule wa "kimapokeo" ndiye aliyefungwa kwa uasi. Yule wa "kisasa" riwaya yake ya kwanza ilizuiwa shuleni kwa kusema wazi yanayowapata wasichana, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kusomwa shuleni.

Basi ile jedwali yenu ya safu mbili, kushoto "kimapokeo: hulinda mila", kulia "kisasa: hupinga mila", mnaiweka wapi hapo? Umbo la shairi halikwambii mtunzi ana ujasiri kiasi gani. Hao wawili walikuwa karibu zaidi, kwa ujasiri, kuliko wafuasi wao wanavyotaka kukubali.

Hata nje ya chuo, mjini kwenyewe, mikono ilikuwa inafanya kazi ileile. Wachongaji wa Kimakonde Dar es Salaam walikuwa wanachonga mpingo kwa mtindo wa shetani, ambao Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wake: jicho kwenye goti, mdomo kwenye bega, mwili usio na mbele wala nyuma. Hawakuwa wamesoma falsafa ya Ulaya. Walikuwa wanaonyesha kwamba mtu hakai sawa kila wakati, na kwamba dunia imejikunja. Mtu aliyezoea kuona vinyago hivyo barabarani, halafu akasoma Nagona na kushangaa kwamba hadithi haina mbele wala nyuma, huyo hakuviangalia vinyago.

Ugomvi nao ni ujirani

Nisiwaonee waliompinga. Watu kama Jumanne Mayoka hawakunong'ona pembeni. Mwaka 1984 Mayoka alichapisha kitabu na akakiita kwa jina la vita yenyewe: Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Hoja kwa hoja, na mashairi yake juu. Hiyo ni heshima kubwa ambayo mwandishi anaweza kumpa mwandishi mwenzake. Hugombani kwa kitabu kizima na mtu ambaye hana maana kwako.

Walichokuwa wanakilinda ni cha kweli pia. Waliogopa kwamba mlango ukifunguliwa, kila mvivu ataingia na sentensi zake alizozikatakata, aseme ni shairi. Na tuwe wakweli, wameingia wengi tu. Ukipita kwenye kurasa za mitandao leo utakuta habari ya kawaida imekatwa mistari, ikapewa jina la shairi huru. Mayoka na wenzake wangecheka, na wangekuwa na haki. Lakini dawa ya mvivu si kumrudishia vina. Mvivu mwenye vina anatunga ubaya wenye vina. Dawa yake ni kumwonyesha kazi iliyo chini ya shairi huru lililo zuri: kurudia kwake, kunyamaza kwake, mahali mstari unapokatwa na kwa nini. Na kazi hiyo, narudia, manju wa Bujora anaijua.

Kwa hiyo hata maadui wa Kezilahabi ni sehemu ya watu wake. Walimsoma, wakamjibu, naye akawajibu kwa vitabu: Karibu Ndani mwaka 1988, na miaka ishirini baadaye, akiwa ameshahamia kufundisha Botswana, Dhifa ya mwaka 2008. Mtu aliye peke yake hana wa kumjibu.

Nani anaumia

Mtaniuliza: haya yote ya nini? Vitabu vipo, asome anayetaka. Nitawaambia nani anaumia.

Hapa mtaani kwetu yuko binti wa kidato cha tatu ambaye hunionyesha daftari lake. Ameandika shairi kuhusu wanawake wanaoanika dagaa mwaloni. Kila ubeti unaanza na neno moja, na neno hilo kila likirudi limebeba uzito mwingine: mara ya kwanza ni jua, ya pili ni deni, ya tatu ni mtoto aliyeachwa nyumbani. Nilimuuliza amejifunzia wapi kurudia namna ile. Akasema ni bibi yake, anaimba hivyo kwa Kisukuma akipalilia. Chini ya shairi, kwa kalamu nyekundu, mwalimu alikuwa ameandika: "Si shairi. Panga vina kwanza." Mwanafunzi mwenzake naye alimpoza kwa kumwambia asijali, ameandika kizungu kama Kezilahabi.

Ona uonevu huo. Mmoja amemwambia kazi ya bibi yake si ushairi. Mwingine, kwa nia njema, amemwambia kazi ya bibi yake ni ya Wazungu. Katika njia zote mbili bibi ametoweka. Hadithi ya yatima ndiyo iliyomfuta. Kwa sababu kama Kezilahabi hakuwa na kwao, basi na wote wanaofanana naye hawana kwao. Kanda nzima inageuka kuwa mahali pa kupokea ushairi, kutoka pwani au kutoka ng'ambo, na si mahali pa kuutoa.

Tumewalea watoto wetu wakichapwa kwa kusema lugha ya nyumbani darasani, kisha wakikua tunawauliza kwa nini mashairi yao hayana asili. Ni maajabu. Kezilahabi, Kitereza na Ruhumbika wangekuwa dawa ya ugonjwa huo, maana wote watatu wanathibitisha kwamba lugha ya nyumbani haiharibu Kiswahili. Inakipa kitu ambacho Kiswahili hakikuwa nacho. Badala yake tumemgeuza mmoja wao kuwa swali la mtihani la alama kumi na tano, "jadili mgogoro wa ushairi", na wawili waliobaki tumewasahau.

Kwa wahakiki wetu nina ombi lenye makali kidogo. Mkiandika tena juu ya Mzingile, sawa, mtaje Mjerumani wenu. Lakini kabla ya kumtaja, nendeni Ukerewe mkamtafute mtu mzima anayesema Kikerewe, mkae naye siku tatu, mumsikilize anavyosimulia. Msipofanya hivyo mnasoma nusu ya kitabu, na hiyo nusu ni ile iliyo rahisi kwenu.

Kwa walimu: vina ni mlango mmoja wa nyumba kubwa. Mfundisheni mtoto kuufungua, ni haki yake, Abdilatif aliufungua akiwa gerezani. Lakini msimwambie kwamba nyumba haina mlango mwingine. Wasomesheni Kichomi na Sauti ya Dhiki kwa wiki moja, bega kwa bega, na mwondoe ile jedwali ubaoni.

Kwa wasomaji wa kurasa hizi: mnaye Kezilahabi kwenye rafu, najua. Mwekeeni majirani. Tafuteni kitabu cha Kitereza, ni kinene, kisomeni polepole. Tafuteni Ruhumbika. Mkipata nafasi ya kwenda Bujora mwezi Juni, rekodini manju mmoja kwenye simu, rudini nyumbani mkaandike maneno yake kwenye karatasi, mkate mistari pale alipovuta pumzi. Mtaona karatasi inafanana na nini.

Na mtu akianza tena kuwasimulia ile hadithi ya kijana aliyesoma Wazungu akaja kuvunja ushairi, msibishane naye sana. Muulizeni tu amtajie majirani watatu wa Kezilahabi. Akishindwa, mwambieni akasome kwanza.